Kilio chetu kilichekesha jukwaani, kwenye filamu hakuna aliyecheka. Tumekosea wapi?

Swali

«Jambo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha teatri hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Tuna mchezo mmoja wa kuchekesha unaohusu kilio. Baba, mstaafu wa mgodi, anakufa. Watoto wanagombana juu ya sanduku: kila mmoja anataka baba azikwe kwa heshima, lakini kwa pesa ya mwenzake. Siku zinapita, maiti bado iko nyumbani, wageni wanakula. Mwishoni ndipo inajulikana kwamba mtoto mkubwa alishapokea pesa ya mazishi kutoka kazini kwa baba, akaificha. Mchezo uliandikwa na mkubwa wetu mmoja ambaye sasa ni marehemu. Tumeucheza mara nyingi, kwenye ukumbi wa paroko, kwenye viwanja vya shule, na watu walicheka mpaka machozi. Mwaka huu tukakodi kamera, tukaupiga ndani ya nyumba ya kweli, sanduku la kweli, wachezaji walewale, maneno yaleyale. Jukwaani ni saa moja. Filamu imetoka saa moja na dakika ishirini. Tulianza kuionyesha sebuleni kwa mjomba wangu, watu sita. Hakuna aliyecheka. Mjomba akasema tunatukana wafu. Wengine tuliwatumia kwa simu, wakajibu "kazi nzuri", basi. Mtu mmoja ananiambia Mwafrika hawezi kucheka maiti kwenye sinema. Mwingine anasema tuweke sauti za watu wanaocheka. Mhariri wetu anataka kuongeza muziki. Tuitupe, tuirekebishe au tuipige upya? Na kama ni kupiga upya, tubadilishe kiasi gani?»

Jibu

Usiitupe, na wala usianze kuirekebisha leo. Iweke. Kabla hamjapiga nyingine, hiyo filamu ina kazi ya kuwafanyia: itawaonyesha, dakika kwa dakika, ni wapi mchezo wenu ulikuwa unabebwa na watu waliokaa kwenye viti.

Nikisoma swali lako naona hofu iliyo kubwa kuliko habari ya kamera. Unaogopa kwamba labda ukumbi ulicheka kwa fujo za umati tu, na kwamba mjomba, akiwa ametulia kwake, ndiye aliyeuona mchezo wenu jinsi ulivyo. Ondoa hofu hiyo. Ukumbi ulikuwa na haki ya kucheka, na mjomba alikuwa na haki ya kukasirika. Walitazama vitu viwili tofauti ambavyo vina maneno yaleyale.

Tumalize kwanza habari ya huyo anayesema Mwafrika hawezi kucheka maiti. Sijui anahudhuria vilio vya wapi. Hapa kwetu, mzee aliyeshiba siku akifa, wajukuu huja na kazi yao. Mmoja atavaa koti la marehemu na kofia yake, atatembea kama yeye, atakohoa kama yeye, atamwita bibi «mke wangu, chakula kiko wapi?» Wengine watalikalia njia sanduku, watasema babu hatoki hapa mpaka wana wake walipe. Wamama wanacheka huku mashavu bado yana machozi, na hakuna anayesema mzee ametukanwa. Sasa jaribu wewe, mtoto wa marehemu, au jirani tu, kuvaa koti lile. Watakutoa nje kwa mikono miwili.

Utani wa kilio una mwenyewe. Mjukuu anayo ruhusa, mtani anayo ruhusa, na kila aliyekaa chini ya turubai anajua wanayo. Kwa hiyo kucheka kifo si jambo geni kwetu hata kidogo. Jambo ni nani amefungua mlango wa kucheka, na je, waliokaa wamemwona akiufungua? Shikilia hapo, maana karibu kila kitu nitakachokuambia kinatoka kwenye hilo.

Jukwaani ruhusa ilikuja bila ninyi kuitafuta. Watu walipofika ukumbi wa paroko walijua wanakuja kwenye mchezo. Waliwajua wachezaji: yule anayecheza maiti walimwona asubuhi sokoni. Kuna mtu alitoka mbele kusalimia. Kisha, dakika chache baada ya kuanza, mama mmoja katikati ya ukumbi aliachia kicheko, na wengine wote wakapumua. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyesoma kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Katika kichekesho cha kifo naona jambo hili lina nguvu hata zaidi, kwa sababu kila mtu anachungulia jirani kabla hajathubutu. Yule mama alikuwa mjukuu wenu. Alivaa koti kwa niaba ya ukumbi mzima.

Sebuleni kwa mjomba mama huyo hakuwepo. Walikuwepo watu sita, nyumba ya kweli, sanduku la kweli, na wanawake wanaolia vizuri sana kwa sababu wachezaji wenu wanajua kazi. Wageni wa mjomba waliona kilio. Mtu mwenye adabu akiona kilio hunyamaza. Na yule uliyemtumia kwa simu aliitazama kitandani peke yake, usiku, hana hata wa kumchungulia.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni muda, nayo utaiona kwa macho ukikaa na mhariri. Mchezaji wa jukwaa aliyecheza kitu mara nyingi anajua mahali pa kusubiri. Anasema neno lake, ukumbi unalipuka, anasimama, anapangusa uso, anangoja kicheko kianze kushuka, ndipo anaendelea. Mwili wake umeshazoea. Mbele ya kamera aliendelea kusubiri vilevile, lakini hakuna mtu wa kujaza nafasi ile. Inabaki kimya cha sekunde tatu, nne, na katikati ya kilio kimya cha namna hiyo kinaonekana ni huzuni. Ndugu wa Marx, wachekeshaji wakubwa wa Marekani, kabla ya kupiga filamu yao ya 1935, *A Night at the Opera*, walitumwa kwanza kuzunguka na vipande vyake jukwaani mbele ya watu, ili wajue watu wanacheka wapi na kwa muda gani, ndipo kamera ifuate kipimo hicho. Ninyi mna bahati: vipimo mnavyo tayari, miaka ya kucheza imewapa. Vimekaa tu upande usiofaa. Pale mlipokuwa mkisubiri, sasa kateni, au mpeni mtu mwingine kitu cha kufanya kwa uso.

Hizo dakika ishirini zilizozidi nadhani nazijua pia. Jukwaani mtu akitoka, ametoka. Kwenye filamu mmemfuata mpaka getini. Tena jukwaani mnahitaji mtu aseme «angalieni huyu shemeji, macho yote yako kwenye redio ya marehemu!» kwa sababu aliye nyuma haoni macho ya shemeji. Kamera inayaona. Mkionyesha macho na kisha mtu akayasema, mmesema mara mbili, na kichekesho kikisemwa mara mbili hakichekeshi hata mara moja. Pita kwenye maandishi na kalamu nyekundu, uondoe kila sentensi inayoeleza kile kitakachoonekana. Utashangaa ni ngapi.

Sababu ya tatu ni maiti yenyewe. Jukwaani kila mtu anajua aliyelala pale anapumua; nusu ya furaha ni kumwangalia kama atapiga chafya. Mwisho wa mchezo anaamka, anashikana mikono na wenzake, anainama mbele ya watu. Kamera haina mpango huo. Kamera ikimwonyesha mtu aliyelala na pamba puani, basi amekufa, na mtazamaji aliyezika mtu mwezi uliopita haoni tena mchezaji wenu, anamwona wake. Naamini hapo ndipo mjomba alipokasirika. Si neno lolote mlilosema. Ni uso mliouonyesha, na muda mlioukaa nao.

Waliotangulia waliutatua mtego huu kwa njia tofauti. *Arsenic and Old Lace* ni mchezo wa Joseph Kesselring ulioanza Broadway, New York, Januari 1941. Shangazi wawili wazee, wapole, watu wa kanisa, wanawapa wazee wapweke divai yenye sumu kwa sababu wanawaonea huruma. Wameshafikisha maiti 12, na kaburi lao ni chini ya nyumba. Anayechimba makaburi ni mtoto wa kaka yao anayejiamini kuwa ni rais Theodore Roosevelt akichimba mfereji wa Panama. Frank Capra alipoufanya filamu, hakuanzia kwenye sebule ya shangazi kama mchezo. Alianza na maandishi yanayosema hii ni hadithi ya Halloween, usiku wa kuchezea mizimu, huko Brooklyn, mahali ambapo lolote laweza kutokea, kisha akaweka vurugu kwenye uwanja wa baseball ambazo hazina uhusiano wowote na mauaji. Ni za nini? Ni koti la babu. Mpaka tunapofika kwenye maiti ya kwanza tumeshaambiwa tuko katika dunia gani. Na maiti ile inapogunduliwa, kinachotuchekesha ni uso wa mchezaji Cary Grant anayefunua sanduku la kukalia lililo dirishani, anafunika, anaondoka hatua mbili, ndipo akili yake inafika.

Capra alilipa bei, lakini. Jukwaani mchezo unaishia kwa shangazi kumpa divai mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, awe wa 13. Filamu imeliacha hilo, imemalizia kwa mapenzi. Mimi napenda mwisho wa jukwaani, una meno. Jambo hilohilo liliupata mchezo wa Friedrich Dürrenmatt, Mswisi, ulioonyeshwa Zürich mwaka 1956: bibi tajiri anarudi mji aliozaliwa uliofilisika, anaahidi mali nyingi ikiwa watamuua mwanamume aliyemtia mimba ujanani akamkana. Filamu ya 1964, yenye Ingrid Bergman na Anthony Quinn, ilimwachia mwanamume yule aishi. Meno yaling'olewa.

Ndipo akaja Djibril Diop Mambéty wa Senegali. Mwaka 1992 aliuchukua mchezo huohuo akaupeleka mji wa Colobane, akautengeneza kwa Kiwolofu, akauita *Hyènes*. Kama kikundi chenu kitatazama filamu moja tu kabla ya kupiga upya, iwe hiyo. Bibi Linguère Ramatou anatangazwa kuwa tajiri kama Benki ya Dunia, na hapo mtazamaji wa bara letu ameshacheka, ruhusa ameshapewa, maana anaijua benki hiyo na anayajua madeni yake. Mwanamume anayetakiwa kufa ni Dramaan Drameh, mwenye duka. Watu wa mji wanasema haiwezekani, sisi si wauaji. Kisha wanaanza kukopa. Na wanakopea wapi? Dukani kwake. Wanachukua vitu vya thamani ambavyo hawana namna ya kuvilipa isipokuwa kwa kifo cha huyo anayewahudumia, naye anaelewa taratibu, akiwa nyuma ya meza yake mwenyewe. Hakuna anayesema kichekesho chochote. Mwishoni wanaume wanamzunguka, duara linafunga. Linapofunguka zimebaki nguo zake tu. Mambéty hakulainisha chochote, ila maiti hatukuiona.

Nimekaa sana hapo kwa sababu jibu lako limo ndani. Watu wa Colobane wanachekwa kwa tamaa yao. Anayekufa hachekwi. Na mchezo wenu pia, nikiusoma katika mistari yako michache, haumcheki baba. Unawacheka wanaomlilia. Lakini filamu yenu haikumwambia mjomba hilo mapema, ilimwambia mwishoni.

Hapa sasa ndipo ningebadilisha kitu kikubwa. Jukwaani siri ya pesa inalipuka mwishoni, na ni sawa, kwa sababu watu wamekuwa wakicheka njia nzima kwa ruhusa ya ukumbi. Siri ni zawadi ya kwendea nyumbani. Kwenye filamu ihamisheni iwe mwanzo kabisa. Picha ya kwanza: mtoto mkubwa yuko chooni, mlango umefungwa kwa kamba, anahesabu noti. Nje geti linalia, wageni wa kwanza wamefika. Anarudia kuhesabu mbili za mwisho, anaingiza bahasha kwenye soksi, na kabla hajagusa mlango ameshaanza kulia, «Baba weee!», kwa sauti ya kutosha kufika barabarani. Ndipo anafungua.

Sekunde arobaini. Kuanzia hapo kila chozi lake ni kichekesho, na hakuna mchezaji anayehitaji kuongeza chochote. Akisema kwenye kikao cha familia kwamba hana hata nauli, kamera ishuke kidogo tu kwenye soksi. Akivua viatu mlangoni, tutashika roho. Mjomba wako, hata akiwa peke yake na simu usiku, amepewa koti: sasa anajua anamcheka nani, na kwa kumcheka huyo anasimama upande wa marehemu. Mwongozaji wa filamu Hitchcock alijua kazi ya habari kama hiyo. *Rope*, mchezo wa Patrick Hamilton wa 1929 alioutengeneza filamu mwaka 1948, umejengwa juu yake: vijana wawili wameua mwenzao, wamemfungia kwenye kasha, na wageni wanakuja kula chakula kilichopangwa juu ya kasha hilo. Sisi tunajua, wageni hawajui. Sahani ikiguswa tu, tumbo linakaza.

Na filamu ile karibu yote haitoki kwenye nyumba moja. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu atakuambia sinema lazima itoke nje, mpige magari, mpige kinu cha Gécamines, kampuni ya madini, na bomba lake refu. Mpige kama kuna sababu. Nyumba yenye maiti ambayo haiwezi kutoka kwa sababu ya sanduku, na wageni ambao hawatoki kwa sababu ya bukari, yaani ugali, ina dhiki nzuri ya kuchekesha. Mkitoka nje kila dakika tano mtaipunguzia moto.

Acha nikuonyeshe namna ya kuhamisha tukio moja. Nadhani katika mchezo wenu kuna fundi mbao anayekuja kupima. Michezo ya sanduku yote inaye. Jukwaani fundi ni mtu wa makelele: anavuta utepe wa kupimia, utepe unamrukia, anapiga hesabu kwa sauti, kaka anasema «mkunje miguu kidogo, utapunguza mbao», ukumbi unaanguka. Mkilipiga hivyohivyo, na maiti katikati ya picha, ni ukatili. Jaribuni hivi: kamera haiingii chumbani. Imebaki na ndugu watatu kwenye korido, wamejipanga ukutani, wameinamisha vichwa. Tunasikia utepe ukivutwa. Tunasikia ukirudi. Fundi anatoka na kalamu sikioni, ameandika namba kwenye kiganja. Anawaonyesha kiganja bila kusema. Kimya. Kaka mkubwa, polepole, kwa heshima zote, anauliza: «Hiyo ni pamoja na miguu?» Fundi anaangalia kiganja chake tena.

Maneno matano yamebaki, na anayeyasema hatakiwi kujua kwamba anachekesha. Hili ndilo gumu zaidi kwa wachezaji wa jukwaa, wala halifundishwi kwa maandishi. Wamezoea kutupa sauti mpaka mstari wa mwisho na kuukonyeza ukumbi. Kamera iko umbali wa metre moja. Fanyeni mazoezi mkiwa mmekaa, magoti yanagusana, muongee kama watu waliobanana kwenye taksi wanaozungumza mambo ya familia na hawataki dereva asikie. Anayechekesha katika kilio ni yule anayehangaika kwa dhati kabisa na jambo dogo: nani amechukua kiti changu, sukari imekwenda wapi.

Kuhusu lugha, msiisafishe. Wengine wakisikia neno filamu wanaanza kusema Kiswahili cha kitabu, au wanahamia Kifaransa wakifikiria watazamaji wa mbali. Kiswahili chenu cha Lubumbashi, na Kifaransa chake kinachoingia pale mtu anapotaka kuonekana ana cheo, ni nusu ya mchezo. Kikundi cha Mufwankolo kilijulikana katika mji huu kwa lugha hiyo, redioni na kwenye televisheni, na michezo yao waliijenga kwa mazungumzo na mazoezi bila kuandika kila neno. Wekeni maandishi ya Kifaransa chini ya picha kwa wageni. Mambéty alibaki na Kiwolofu chake, na *Hyènes* ilifika mashindano ya tamasha la filamu la Cannes.

Sauti za vicheko, hapana. Zilizaliwa kwa vipindi vya studio ambapo hata ukuta unaonekana ni wa mbao. Ndani ya nyumba ya kweli, juu ya sanduku la kweli, mtazamaji atauliza hao wanaocheka wako wapi na wana roho gani. Muziki ni jambo la kuzungumza, ila muulize mhariri kwanza: hapa unataka kufunika nini? Akikujibu «kimya kirefu», basi dawa ni mkasi.

Sasa njia zenu. Mnaweza kupanga kamera mbili ukumbini siku mnayocheza mbele ya watu, mkapiga mchezo kama mchezo, na vicheko halisi vya watu wenu ndani yake. Ni rahisi, ni halali, inahifadhi kazi ya marehemu mkubwa wenu, na inatazamika vizuri nyumbani. Si filamu, na msiiite hivyo. Mnaweza pia kupiga upya filamu nzima, lakini kwa pesa ya kukodi tena kamera, mafuta ya jenereta siku ambazo SNEL, kampuni ya umeme, imeamua lake, na chakula cha watu wote, sioni busara kurudia saa nzima kabla hamjajua kama mmepata funguo. Ningekuwa ninyi ningefanya ile ya kwanza kwa ajili ya kumbukumbu, kisha ningepiga filamu fupi ya dakika kumi na mbili hivi: chooni, kikao cha familia, fundi, basi. Ikichekesha, mnajua namna ya kufanya iliyobaki, na mna kitu cha kumwonyesha mtu mwenye pesa. Kurekebisha mliyonayo ningekuweka mwisho. Mkasi utaondoa vimya na safari za getini, lakini hautatengeneza ile sekunde arobaini ya mwanzo, kwa sababu hamkuipiga, na hautabadilisha sauti za kufikia mstari wa mwisho.

Kabla ya kuwasha kamera, karatasi. Umesema mwandishi ni marehemu. Sheria ya nchi yetu ya haki za waandishi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inawalinda warithi wake muda mrefu baada ya kifo, na ruhusa aliyowapa kwa mdomo ya kucheza jukwaani haiwi ruhusa ya filamu. Ni vitu viwili, dunia nzima. Filamu ya Capra ilipigwa 1941 ikakaa kabatini mpaka 1944, kwa sababu mkataba ulikataza isitoke wakati mchezo bado unaendelea Broadway, nao ulifikisha maonyesho 1,444. Nendeni kwa mjane au watoto mkiwa na rasimu: filamu fupi, na kama nzima itafuata, itaonyeshwa wapi, jina la marehemu litakaa wapi, pesa ikipatikana itagawanywa vipi. Wasaini, msaini, kila upande ubaki na nakala.

Kuna mambo ambayo mtu asiyekaa nanyi chumba kimoja hawezi kuyasaidia. Kama warithi hawaelewani kati yao, au mmoja anasema ndiye mwenye maandishi yote, msichague upande: tafuteni mwanasheria, na mpite SOCODA, shirika la haki za waandishi, kuuliza kama marehemu alijiandikisha. Kwa kupiga barabarani au karibu na makaburi, ulizeni divisheni ya utamaduni ya mkoa na ofisi ya komuni kabla ya siku yenyewe. Msiende kupiga picha kwenye kilio cha watu wa kweli kwa kuficha kamera ili mpate «hali halisi». Hapo mjomba atakuwa na haki kamili. Na kama kuna mchezaji aliyefiwa hivi karibuni, kaa naye kando, wawili tu, umuulize kama anataka sehemu hiyo. Jukwaani huzuni yake hupita na jioni. Kamera itamrudisha palepale asubuhi nzima, mara kumi. Akianza kutetemeka au kutolala, mwache apumzike, mpeleke kwa mtu anayejua kazi hiyo, awe muuguzi, mshauri au padri wake.

Filamu fupi ikishakatwa, msiitume kwa simu kwanza. Ipelekeni ukumbini, gizani, mbele ya watu kama thelathini ambao si ndugu zenu, mkiwaalika wawili watatu mnaowajua kwa kicheko chepesi na kuwakalisha katikati. Wewe kaa nyuma na saa na karatasi. Andika dakika ya kila kicheko, na dakika ambayo simu zinaanza kuwaka mapajani. Usiku uleule mwonyesheni mtu mmoja peke yake nyumbani kwake, uone kama tukio la chooni linasimama bila umati. Tofauti ya karatasi hizo mbili mpe mhariri, kabla hajafungua faili la muziki.